Nyumba Iliyorukwa na Wapiga Mafuko

Nanri Isamu alizaliwa Hirase, akaoa Hirase, na hakuwa na mpango wa kufia kwingine. Kitongoji chenyewe ni nyumba saba zilizopangana mlimani kama watu waliokaa ngazini, na yake ndiyo ya katikati. Tangu ana miaka kumi na mitano alikata mierezi, mpaka magoti yakagoma. Shule hakukaa sana. Kusoma anasoma, ila kidole kitangulie.

Mkewe, Sumie, alifariki mwezi wa tisa. Alisema kichwa kinamuuma, akaomba maji, akalala. Maji yalipofika hakuyanywa. Ndivyo ilivyokuwa, na kila Nanri alipoulizwa hakuwa na la kuongeza.

Siku chache kabla ya hapo Sumie alikuwa amesia mbegu za vitunguu kwenye kitalu. Nanri hakujua. Bustani ilikuwa nchi ya mkewe. Yake yalikuwa majaruba ya mpunga na miti. Wiki moja baada ya mazishi alitoka kumwaga maji ya kuoshea mchele, akakuta miche imechomoza, myembamba kama nyuzi, imejikunja bado haijanyooka. Alichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwezi wa kumi na moja aliipandikiza kwenye matuta manne, mche mmoja mmoja, kwa vidole vilivyozoea shoka. Hakumwambia mtu, lakini moyoni alishaamua. Hivi ni vya mwisho kutoka mkononi mwa Sumie. Vitakomaa.

Kosa alikuwa amekwishalifanya, ila hakujua kuwa ni kosa. Kuizunguka bustani yote Sumie alikuwa na ukingo wa maua mekundu, yale yanayochipuka bila jani hata moja katika wiki ya kuzuru makaburi. Maua ya maiti, ndivyo yanavyoitwa, na hakuna anayeyaingiza ndani, maana husemwa yanaleta moto. Mwaka ule yalichanua siku ileile ya mazishi, yakawaka pande zote nne. Nanri hakuweza kuyatazama. Kesho yake alichukua jembe akayang'oa yote pamoja na mizizi yake minene, akayatupa ukingoni mwa mfereji.

Mwaka mpya ulikuja ukapita nje. Nyumba yenye msiba haipambi mlango wala haitwangi mchele wa mochi. Nanri alikula wali na kachumbari ya figili, akalala mapema.

Tarehe kumi na nne ya mwezi wa kwanza ni siku ya kupiga mafuko, wale wanyama wadogo wanaochimba chini ya ardhi. Zamani ilikuwa kazi ya watoto. Mtoto wa mwisho wa Hirase sasa ana miaka sitini na sita, anaitwa Fuchigami, na ndiye mwenyekiti. Kwa hiyo wazee wenyewe hushika mianzi mirefu iliyofungwa majani ya mpunga kichwani, wakapita nyumba kwa nyumba wakitwanga ardhi ya uani na ya bustani, pu! pu! pu!, huku wakiwapigia mafuko kelele wahame. Mwenye nyumba huwatolea mochi, yale madonge ya mchele wa kunata, wakala hapohapo wamesimama.

Fuko wa huku hali mizizi. Anakula nyungunyungu. Ila akimfukuza nyungunyungu mmoja atachimba barabara kutoka nyumba ya kwanza hadi ya saba, na mche uliokaa juu ya barabara hiyo hubaki mizizi yake inaning'inia hewani mpaka ukauke. Nyuma yake hufuata panya wa shambani, anayepita barabara ya mwenzake bila kushika jembe.

Siku hiyo Nanri alikaa nyuma ya mlango wa karatasi, akawasikia wanateremka kutoka juu.

"Mafuko hameni! Huku hakuna kazi! Nendeni ng'ambo!"

Pu! pu! pu!

Walipofika kwenye lango lake kelele zilikatika. Akausogeza mlango upana wa kidole, akachungulia. Walikuwa sita, wameshusha mianzi, wamevua kofia, wameinama.

"Tunyateni," Fuchigami alinong'ona. "Nyumba ya msiba hii."

"Ninyate na magoti haya?" Hatsue alijibu, naye hajui kunong'ona. Ni jirani wa juu, ana miaka themanini na mitatu. "Mimi nikinyata naanguka, halafu mtakuwa na misiba miwili."

"Shh!"

Walipita kama wezi. Walipofika nyumba ya chini, ambayo ni ya Fuchigami mwenyewe, mianzi ikaanza tena.

Nanri alielewa. Yeye mwenyewe amewahi kuzipita nyumba za watu hivyohivyo, kofia mkononi. Heshima ni heshima. Lakini fuko hajui heshima. Nyumba tatu za juu zimetwangwa, tatu za chini zimetwangwa, na katikati kuna bustani moja imekaa kimya, udongo laini, umelishwa samadi miaka arobaini. Wewe ungekuwa fuko ungekwenda wapi?

Siku ya tatu lilitokea rundo la kwanza la udongo, jeusi, bichi, karibu na kisima. Baada ya wiki yalikuwa kumi na moja. Ukikanyaga kati ya matuta mguu unadidimia mpaka kifundoni. Nanri aliona kitunguu kimoja kimeinama, akakiinua kidogo kwa vidole viwili. Kilitoka chenyewe. Chini yake palikuwa na tundu tupu, na mizizi ilikuwa imening'inia, myeupe, haijashika kitu.

"Isamu!" Hatsue alikuwa amesimama juu ya ukuta wa mawe, mikono nyuma. "Naona umepata wapangaji."

"Wametoka kwako, dada."

"Wangu niliwaaga vizuri. Niliwaambia nendeni kwa Isamu, mkewe alikuwa mkarimu, mtakuta chakula."

Nanri alitikisa kichwa, lakini hakuchukia. Wengine wote wa Hirase walikuwa wameacha kulitaja jina la Sumie mbele yake, au wakilitaja wanashusha sauti. Hatsue alimtaja kama mtu aliyekwenda sokoni.

Vita vikaanza. Binti yake, Noriko, alimpigia simu kutoka mjini. "Baba, usihangaike, nakutumia fimbo za sola. Unazichomeka ardhini zinatetemeka, mafuko wanakimbia." Fimbo zilikuja kwenye boksi, nne, na karatasi ya maelezo ambayo Nanri aliisoma jioni nzima. Akazichomeka. Zikawa zinanung'unika chini kwa chini mchana kutwa. Siku ya pili akakuta rundo jipya limeegemea fimbo mojawapo kama mtu anayeota jua.

Akakata chupa za plastiki ziwe feni za upepo, akazitia kwenye nondo, kumi na mbili. Upepo wa mlimani ulipoanza, Hirase yote haikupata usingizi wa mchana.

"Mzee Nanri," Fuchigami alisema akiwa langoni, kwa adabu, amejishika masikio, "mafuko wamehama?"

"Bado."

"Maana mimi nakaribia kuhama."

Nanri akasikia tena kwamba chingamu huwaua mafuko: wanaila, inawaziba. Alinunua pakiti tano. Akamuuliza Hatsue zinatiwaje.

"Unaitafuna kwanza," Hatsue alisema, uso mkavu kabisa. "Fuko hana meno ya kuanzia."

Nanri alitafuna. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilishika meno ya bandia ya juu, ya tatu ikashika ya chini, na alipovuta ili aitoe vikatoka vyote pamoja, meno ya juu, ya chini na chingamu katikati, vimeumana. Hatsue alilazimika kukaa chini. Alicheka mpaka akaomba maji.

Siku moja alifungua droo ya nguo za Sumie ili achukue vidonge vya kufukuza wadudu wa nguo, akavitie kwenye matundu. Harufu ilimfikia kabla ya mkono. Akaifunga droo. Vidonge vilibaki mle.

Mwishowe alinunua mtego, bomba lenye milango miwili inayofunguka kwa ndani tu. Akachimba, akaulaza kwenye barabara yao. Asubuhi ulikuwa mzito. Akammwaga fuko kwenye ndoo. Manyoya kama mahameri, macho hakuna, na mikono miwili ya rangi ya waridi, mipana, imegeukia nje, kama ya mtu aliyefua nguo maisha yake yote. Nanri aliitazama mikono ile muda mrefu. Kisha akafunga ndoo kwenye baiskeli, akavuka daraja, akaenda kummwaga kwenye msitu wa mierezi.

"Umempa lifti," Hatsue alisema.

"Ana mikono kama ya mtu."

"Na wewe una kichwa kama cha fuko. Wako wangapi waliobaki?"

Matuta yalikuwa yamekwishapoteza robo ya miche.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa pili kulikuwa na mkutano wa kitongoji. Wanakaa kwenye ukumbi mdogo, jiko la mafuta katikati, birika juu yake. Wakazungumza juu ya kufyeka njia ya makaburini, wakazungumza juu ya taa ya barabarani iliyokufa. Fuchigami alipouliza kama kuna mengineyo, Nanri alisimama. Miaka mingi hakuwahi kusimama pale.

"Nina ombi," alisema. "Mnipigie mafuko."

Birika ndilo lililoendelea kuongea.

"Mzee Nanri," Fuchigami alisema taratibu, "pole. Lakini msiba wako haujatimiza mwaka. Kupiga mafuko ni shangwe. Tena kuna mochi. Hatuwezi kula mochi ya nyumba yenye msiba."

"Mwezi uliopita ulikula mochi za nyumba sita mpaka ukalegeza mkanda," Hatsue alisema. "Leo mochi imekuwa tatizo?"

"Dada Hatsue, desturi sikuitunga mimi."

"Hata mimi sikuitunga. Ila nilikuwepo ulipopiga mafuko mara ya kwanza, na suruali ilikuwa imelowa."

Watu walicheka. Fuchigami akawa mwekundu mpaka shingoni, lakini hakurudi nyuma. "Na tarehe imepita," alisema. "Mzee, vitunguu vinauzwa dukani. Mwakani tutakupigia mara mbili. Kwa nini usisubiri?"

Nanri alikitazama kikombe chake.

"Alivisia yeye," alisema, akakaa.

Hakuna aliyecheka sasa. Mtu alikohoa. Fuchigami alifungua daftari la mkutano, akalifunga.

Pembeni, karibu na jiko, Mzee Mitsutake alikuwa amelala tangu habari ya taa. Ana miaka tisini na mmoja na ni kiziwi wa sikio moja na nusu. Akafumbua jicho.

"Kwa kalenda ya zamani bado," alisema.

"Unasemaje, babu?"

"Babu yangu alipiga kwa kalenda ya mwezi. Hii yenu ya serikali imekuja juzi."

Wote walinyanyuka, wakaenda ukutani kwenye kalenda ya chama cha wakulima, ile ambayo chini ya kila tarehe ina tarehe ya zamani kwa maandishi madogo. Wakavaa miwani. Wakanyang'anyana miwani. Kwa hesabu ya mwezi, siku ya kumi na nne ya mwezi wa kwanza ilikuwa bado haijafika: ilianguka tarehe ishirini na tatu ya mwezi uleule waliokuwa nao.

"Tarehe ipo," Hatsue alisema. "Haya, mwenyekiti."

Fuchigami alijikuna kidevu. Si mtu mbaya. Ni mtu wa utaratibu tu. Ndiye pekee Hirase mwenye uwanja wa nyasi mbele ya nyumba, na magugu yake huyang'oa kwa kibanio cha nyusi.

"Hatutaimba," alisema mwishowe. "Hatutacheka. Hatutakula mochi. Tutapiga kama kazi, basi."

"Na chai?"

"Chai ni halali."

"Na viazi vitamu vya kuchoma?"

Fuchigami alifikiri. "Kiazi si mochi."

Njiani, wakipanda mlima, Hatsue alisimama kuvuta pumzi. "Isamu, nikukosoe?"

"Kosoa."

"Ukuta wa Sumie uliubomoa mwenyewe."

"Ukuta gani?"

"Maua mekundu."

"Maua ya maiti yale? Nisingeweza kukaa nayo, dada. Siku ile..."

"Maiti gani! Mizizi yake ni sumu. Unadhani wazee waliipanda kwenye kingo za majaruba na makaburini ili kupamba? Fuko akiifikia anageuza. Miaka arobaini mkeo hakupata rundo hata moja, ukafikiri ni bahati."

Nanri alisimama katikati ya njia. Amefanya kazi ya mpunga maisha yake yote, ameyaona maua yale kingoni kila mwaka, na hakuwahi kujiuliza yamefikaje pale.

"Hakuniambia," alisema.

"Ulimuuliza?"

Walitembea kidogo.

"Nilikuona unayatupa mferejini," Hatsue alisema. "Nikangoja ugeuke, nikayaokota. Yako ukingoni kwangu, majani yametoka mabichi kabisa. Ndiyo maana mimi silimi na mafuko."

"Wewe mwizi."

"Takataka haiibiwi. Nitakurudishia nusu."

"Yote."

"Nusu, na kikapu urudishe."

Kesho yake walipanda. Upande wa juu, upande wa kisima, upande wa mashariki. Upande wa chini mizizi ikawaishia, pakabaki pengo la hatua nane hivi, linaloelekea kwa Fuchigami.

"Sasa walio ndani umewafungia," Hatsue alisema akipangusa udongo. "Mlango wao ni ule tu."

"Ni bahati mbaya kwamba mizizi imeisha," Nanri alisema.

"Bahati mbaya sana," Hatsue alisema, na hawakutazamana.

Tarehe ishirini na tatu ilikuwa na jua. Walikuja sita, nguo nyeusi, mianzi mabegani, nyuso za mazishini. Fuchigami aliwapanga mstari upande wa juu wa bustani.

"Kutoka juu kwenda chini," alisema. "Katikati ya matuta tu, msiguse miche. Mzee Nanri, wewe ni mfiwa, unatazama."

Wakaanza. Pu. Pu. Pu. Hakuna aliyeongea. Ilikuwa kama kuona watu wanazika kitu kirefu. Nanri alisimama kibarazani, mikono hajui aiweke wapi. Baada ya hatua kumi Hatsue akaacha mstari, akamjia.

"Shika. Mgongo umegoma."

"Mwenyekiti amesema..."

"Mgongo ni wangu, si wa mwenyekiti."

Nanri akashika mwanzi, akaingia mstarini. Fuchigami aliona, akatazama angani. Pigo la kwanza lilizama, akasikia kwa mikono paa la barabara ya fuko likibomoka chini. La pili likabomoa zaidi. Akajua kwamba kumbe alikuwa na hasira nyingi, na kwamba ardhi inazipokea zote.

Ndipo Mzee Mitsutake, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia upande wa sikio lake linalosikia nusu kwamba leo ni kimya, alivuta pumzi.

"MAFUKO HAMENI! HUKU HAKUNA KAZI!"

"Shh!" Fuchigami alimpungia mkono.

Mitsutake alimwona mwenyekiti anapunga, akafurahi kwamba anaungwa mkono. "NENDENI NG'AMBO! NENDENI!"

"Babu! Kimya!"

"EEH, NAPIGA ZAIDI!"

Hatsue ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza. Kisha mwingine, kisha mstari mzima ukayumba, watu wazima wameegemea mianzi wanalia kwa kicheko. Fuchigami alijaribu kukunja uso, midomo ikamsaliti. Nanri alicheka pia, akashtuka kidogo kusikia sauti yake, kisha akaendelea.

"Basi, basi," Fuchigami alisema akijifuta macho. "Imetokea. Haitaandikwa."

Lakini kazi iliyoviokoa vitunguu haikuwa ile. Walipomaliza kupiga Fuchigami alitembea kando ya matuta, akachuchumaa, akatikisa mche mmoja.

"Mizizi bado iko hewani," alisema. "Mzee, nyasi zangu zikiinuliwa na barafu ya udongoni nafanya hivi." Akavua viatu, akaweka mguu wa kulia upande mmoja wa mche, wa kushoto upande mwingine, akabana taratibu udongo ushuke. "Halafu maji. Mmoja mmoja. Ukiacha mpaka kesho umekauka."

Miche ilikuwa mingi. Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka. Nanri alivua viatu. Hatsue akavua. Wote saba wakavua, wakagawana matuta, wakawa wanakwenda upandeupande, kisigino kwa kisigino, wanabana, wanasogea, mmoja nyuma na kopo la maji. Mitsutake alishikwa mkono ili asianguke. Udongo ulikuwa baridi kama chuma. Waliendelea mpaka mche wa mwisho.

Kisha wakakaa kibarazani, miguu kwenye beseni la maji moto, wakala viazi vitamu kutoka majivuni. Hakuna aliyeleta habari ya mochi. Mitsutake aliuliza mara mbili kwa nini mwaka huu haipo.

Siku mbili hakukuwa na rundo jipya. Asubuhi ya tatu sauti ilipanda kutoka chini.

"Mzee Nanriiii!"

Nanri alishuka. Hatsue, ambaye magoti yake hayawezi kunyata, alishuka mbio nyuma yake. Fuchigami alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake wa nyasi na nguo za kulalia, kibanio mkononi. Kwenye nyasi, kama vichwa vya watu wanaooga mtoni, kulikuwa na marundo tisa.

"Wametoka kwako!" Fuchigami alisema.

"Walikuja kwangu kutoka kwako, Mwenyekiti," Nanri alisema. "Nimerudisha."

"Huo ukingo wako una pengo!"

"Mizizi iliisha."

"Nusu ya mizizi iko kwa mtu," Fuchigami alisema, na wote wawili wakamgeukia Hatsue.

"Mimi ni mjane maskini," Hatsue alisema. "Mwenyekiti, tarehe imepita lakini usikate tamaa. Muulize babu Mitsutake, huenda kuna kalenda nyingine."

Mabega ya Fuchigami yakaanza kutikisika kwa kicheko. Nanri alivua viatu palepale, akaweka mguu kwenye ukingo wa rundo la kwanza. "Haya," alisema, "unabana hivi, halafu maji." Jioni alimletea mtego na feni sita. Mafuko wawili walipata lifti kuvuka daraja, na wengine wakajiendea wanakojua wenyewe.

Mwezi wa sita vitunguu vililala majani, ambayo ndiyo dalili ya kukomaa. Nanri aliving'oa asubuhi kabla ya joto. Si vikubwa. Vingine kama yai, vingine kama ngumi ya mtoto. Robo ilikufa mwezi wa kwanza na haikurudi. Kilichobaki kilitosha mafungu saba, na saba ndiyo aliyofunga, kwa sababu Sumie kila mwaka alipelekea kila nyumba fungu moja, na nyumba zilikuwa bado ni saba ukihesabu hii. Kitunguu cha kwanza alikiweka mbele ya picha ya mkewe. Cha pili alikikata vipande vyembamba, akatia sosi ya soya, akala na wali. Kilikuwa kikali, halafu kitamu.

Hatsue alikuja kuchukua fungu lake, akaliinua kwenye mwanga, akalikubali.

"Vidogo lakini vigumu," alisema. Kisha akaona tuta la mwisho. "Na vile vitatu umevisahau?"

Vitatu vilikuwa bado vimesimama, kila kimoja na shina refu, na juu yake kichwa cheupe cha maua.

"Sijavisahau."

"Ving'oe. Vimeharibika hivyo, walivisumbua mizizi vikaogopa vikatoa ua. Kitunguu kikishatoa ua hakiliki, ni mti mtupu."

"Najua, dada."

"Basi vya nini?"

"Vitatoa mbegu."

Hatsue alivitazama, akamtazama yeye, akahamisha fungu kutoka mkono huu kwenda ule.

"Unajua kusia wewe?"

"Sijui."

"Mwezi wa tisa niite," alisema. "Na usifuate ya Sumie. Yule alikuwa anamwaga mbegu kama mtu anayelisha kuku."

Upande wa bonde mvua ilikuwa inakuja. Mashina yalikuwa yameanza kuyumba. Nanri alikwenda ghalani kutafuta vijiti vitatu na kamba.